Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Tunaipima Anime Wiki kwa Wiki

Safu hii kwa kawaida hueleza nilichokiona katika sehemu mpya za anime, yaani katuni za Kijapani, zinazoendelea kurushwa huko Japani. Msimu mmoja unapokwisha na mwingine ukiwa bado haujashika kasi, nafasi hupatikana ya kufungua barua, na safari hii nimezichagua sita. Nyingi kati yake, kila moja kwa njia yake, zinahoji kama kazi ya kutoa maoni ya kila wiki ina maana yoyote. Naamini inayo, na nitajitahidi kueleza sababu.

Ndugu mwandishi, mimi husubiri msimu mzima uishe, kisha natazama sehemu zote 12 kwa siku mbili. Wewe unatoa hukumu juu ya sehemu ya tatu ilhali hujui ya nne italeta nini. Je, hii si sawa na kuonja wali ambao haujaiva kisha ukamlaumu mpishi? – Msomaji, Mombasa

Mfano wako wa wali ungenishinda kabisa iwapo anime ya televisheni ingekuwa chungu kimoja. Lakini chakula hiki hupakuliwa sahani moja moja, na aliyekipakua anajua fika kwamba mlaji atainuka mkekani, ataishi siku saba za maisha yake, kisha atarudi. Wazee wetu waliofuatilia riwaya zilizochapishwa kipande kwa kipande magazetini wanalikumbuka neno "itaendelea" lililokaa mwishoni mwa safu, na wanakumbuka pia kwamba mabishano ya barazani kuhusu nani atamsaliti nani yalikuwa ni namna ya kuisoma hadithi yenyewe. Aliyekuja kuinunua riwaya hiyo baadaye ikiwa kitabu aliyasoma maneno yaleyale, ila yale mabishano hakuyapata.

Nichukue mfano wa Sousou no Frieren, anime iliyotengenezwa na studio ya Madhouse chini ya mwongozaji Keiichiro Saito. Mhusika wake mkuu, Frieren, ni mwanamke wa jamii ya elfi, viumbe wa hadithini wanaoishi muda mrefu mno, na ni bingwa wa uchawi ambaye ameishi zaidi ya miaka elfu moja. Alisafiri miaka kumi na shujaa aitwaye Himmel na wenzao wawili, akaiona safari hiyo kuwa kitu kidogo katika umri wake, na ni pale Himmel alipozikwa akiwa mzee ndipo alipotambua kwamba hakuwahi kujitahidi kumfahamu. Yote yanayofuata ni safari ya pili, na maandishi kwenye skrini hutukumbusha kila mara ni miaka mingapi imepita tangu kifo cha Himmel.

Sehemu nne za kwanza zilirushwa kwa pamoja usiku wa Septemba 29, 2023, zikijaza saa mbili za kipindi cha filamu cha kila Ijumaa katika kituo cha Nippon TV. Baada ya hapo sehemu moja ilitoka kila Ijumaa, isipokuwa katika mapumziko ya mwisho wa mwaka, hadi ya 28 iliporushwa Machi 22, 2024. Naona uamuzi wa kuanza na nne ulikuwa wa busara, kwa sababu mtazamaji aliyeiona ya kwanza peke yake angeondoka na mazishi tu mkononi, wakati aliyefika mwisho wa ya nne alikuwa ameshaelewa safari hii inakwenda wapi na kwa nini. Lakini jambo ninalotaka ulione hasa ni urefu wa ile kalenda, kwani kutoka Septemba hadi Machi ni karibu nusu mwaka. Hadithi inayohusu jinsi muda unavyopita kati ya watu wanaosafiri pamoja, bila wao kutambua wanachokipata, iliwafikia watazamaji wa kila wiki kwa kasi ya nusu mwaka wa maisha yao wenyewe. Wapo walioianza wakiwa masomoni na kuimaliza wakiwa kazini. Aliyeitazama kwa siku mbili aliupata mkasa wote, na pengine aliona vizuri zaidi jinsi vipande vinavyoungana, ila muda ule hakuupata.

Niongeze na hili, kwa sababu linahusu hukumu. Sehemu ya 9, iliyorushwa Novemba 3, ilikuwa na mapigano yaliyochorwa kwa ustadi mkubwa, na watu waliisifu kwa haki kabisa. Sehemu ya 14, ya Desemba 8, haina pigano lolote la maana: kijana anamnunulia msichana anayesafiri naye bangili kwa siku yake ya kuzaliwa, asijue maana ya ua lililonakshiwa juu yake, na kutokana na bangili hiyo tunarudishwa kwenye pete ambayo Himmel aliwahi kumvisha Frieren akiwa amepiga goti. Nilipoitazama usiku huo niliandika kwamba ndiyo sehemu bora ya msimu mzima mpaka hapo, na sijabadili neno. Katika mkupuo wa siku mbili, sehemu hiyo ni kituo kidogo kati ya vita na mtihani wa wachawi unaokuja baadaye. Ilipokaa peke yake kwa siku saba, bila kitu cha kuifunika, ilionekana kwa ukubwa wake.

Upo pia mfano wa kinyume, ambapo juma kati ya sehemu na sehemu liligeuka kuwa mzigo. Mwaka 2009 studio ya Kyoto Animation, katika msimu wa pili wa hadithi za Haruhi Suzumiya, ilirusha sehemu nane mfululizo zinazosimulia wiki mbili zilezile za mwisho wa Agosti, kwa kuwa wahusika walikuwa wamenaswa katika muda unaojirudia zaidi ya mara elfu 15. Kila sehemu ilichorwa upya na waigizaji wakaingiza sauti upya. Nguo zilibadilika, pembe za kamera zilibadilika, hadithi ikabaki palepale. Kwa maoni yangu nne zingetosha, na zile nyingine zilikuwa ukatili kwa mtu aliyesubiri juma zima. Hata hivyo, yule mhusika mmoja anayekumbuka marudio yote, Yuki Nagato, hakuna atakayeuelewa uchovu wake kama mtu aliyeketi mbele ya televisheni kwa miezi miwili akitumaini kwamba leo Septemba itafika. Wa leo anaruka kutoka ya kwanza hadi ya nane kwa kubonyeza kitufe. Ni haki yake kufanya hivyo, ila anachokihukumu ni kitu kingine.

Kwa hiyo ninapoandika juu ya sehemu ya tatu nisiyojua mwisho wake, ninaandika juu ya kitu kilichowekwa mbele yangu kikiwa kimekamilika kwa kipimo chake: kina mwanzo, kina mwisho, na kina dakika zipatazo 24. Nikikosea kutabiri, kosa hilo litabaki kuwa ushahidi wa kile ambacho sehemu hiyo ilinifanya nitarajie.

Nimeona ratiba ya Kijapani ikisema anime ninayoipenda itarushwa "Ijumaa, saa 25:30". Nilidhani ni kosa la uchapaji, nikasubiri Jumamosi usiku, nikakuta imeshapita na kila mtu ameshaizungumzia. Saa hiyo ni ipi? – Msomaji, Muscat

Si kosa la uchapaji. Vituo vya televisheni vya Japani huhesabu siku ya matangazo kupita usiku wa manane, kwa sababu mtu anayetazama saa saba na nusu ya usiku kwa kawaida bado hajalala na bado anajihesabu yuko Ijumaa. Kwa hiyo 25:30 ya Ijumaa ni 1:30 ya Jumamosi kwa kalenda ya kawaida. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kupata shida hapo, maana sisi wenyewe husema "usiku wa kuamkia Jumamosi" na kila mtu akaelewa ni usiku upi.

Jambo la kufurahisha ni kwamba kwetu hesabu yao inarudi kuwa sahihi. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6 na mbele ya Oman kwa saa 5. Sehemu inayorushwa Tokyo usiku wa kuamkia Jumamosi inakukuta wewe Muscat Ijumaa hiyohiyo saa mbili na nusu usiku, inamkuta wa Dar es Salaam saa moja na nusu usiku, na wa Bujumbura, ambako saa iko nyuma ya Dar es Salaam kwa moja, saa kumi na mbili na nusu jioni. Frieren, iliyorushwa saa tano usiku kwa saa za Tokyo, ilianza huku Nairobi ikiwa saa kumi na moja jioni. Kumbuka tu kwamba mitandao yenye tafsiri ya maandishi huweza kuchelewa kidogo baada ya kituo cha Japani, kwa hiyo angalia muda uliotangazwa na mtandao unaoulipia.

Je, ni sehemu ngapi nitazame kabla ya kuiacha anime? Rafiki zangu wanasema tatu. – Msomaji, Dodoma

Kanuni ya sehemu tatu ilikuwapo midomoni mwa watazamaji, lakini iliyoipa nguvu ni Puella Magi Madoka Magica, ya studio ya Shaft, iliyoanza kurushwa Januari 2011. Ilijionyesha kama hadithi tamu ya wasichana wenye nguvu za ajabu, na mwisho wa sehemu ya tatu ikamwambia mtazamaji, bila kumwandaa, kwamba alikuwa ameielewa vibaya. Waliokuwa wameiacha katika ya pili walijuta. (Anime hiyohiyo ina habari nyingine ya kusubiri: tetemeko kuu la Machi 11, 2011 lilipotokea, sehemu mbili za mwisho zilikuwa bado, na hazikurushwa hadi usiku wa kuamkia Aprili 22. Ni mwezi mzima na zaidi, katika nchi iliyokuwa ikiomboleza.)

Mimi mwenyewe siifuati kanuni hiyo. Sehemu ya kwanza, na mara nyingi hata ya pili, hupewa wachoraji bora na muda mrefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndiyo inayotangaza bidhaa. Anime inayokupendeza katika ya kwanza bado haijathibitisha chochote. Itazame katika ya tano, wakati mng'ao umeshapungua na hadithi inabidi isimame kwa miguu yake. Kwa upande wa kuacha, niliwahi kuacha baada ya dakika 10, pale nilipoona mateso ya mtoto yakitumika kama kichekesho, na sioni sababu ya kumdai mtu sehemu mbili zaidi baada ya jambo kama hilo. Ila ukiacha, uwaambie wasomaji wako kwamba umeacha na mahali ulipoachia. Mtu aliyeishia sehemu ya pili hawezi kuzungumza kwa niaba ya 12.

Msimu uliopita ulisifu michoro ya anime moja katika sehemu ya nne, na katika ya saba nyuso za wahusika zikawa kama zimechorwa na mtu mwingine kabisa. Hukulaumu inavyostahili. Kwa nini unawalinda? – Msomaji, Nakuru

Zilichorwa na mtu mwingine kabisa, na hilo ndilo jibu la nusu ya swali lako.

Anime ya televisheni ya kila wiki ilianza kwa kubana matumizi. Mchora katuni Osamu Tezuka alipoanza kurusha Tetsuwan Atomu mnamo Januari 1, 1963, alijua kwamba hawezi kuchora picha mpya kwa kila fremu kati ya fremu 24 zinazopita kwa sekunde moja. Picha moja ilishikiliwa kwa fremu tatu, yaani picha 8 kwa sekunde. Midomo ikasogea huku mwili umetulia. Mwendo uleule ukatumiwa tena katika sehemu nyingine. Desturi hizo zipo hadi leo, na bado sehemu moja huhitaji maelfu ya michoro. Hakuna kikundi kimoja kinachoweza kuikamilisha kazi hiyo ndani ya wiki moja, hivyo sehemu kadhaa hutengenezwa kwa wakati mmoja na vikundi tofauti, kila kimoja na mwongozaji wake, mchoraji wake wa mpangilio wa picha na msimamizi wake wa michoro. Sehemu nyingine hupewa studio nyingine kabisa, na michoro ya kuunganisha, ile inayojaza mwendo kati ya picha kuu, mara nyingi huvuka bahari hadi Korea Kusini au China. Wachoraji wengi si waajiriwa wa kudumu, na hulipwa kwa idadi ya michoro wanayoikabidhi.

Sasa fikiria ratiba imebana. Msimamizi wa michoro ndiye anayetakiwa kupitia michoro ya watu wengi na kuzirekebisha nyuso zifanane. Siku zikipungua, kinachoachwa kwanza ni hayo marekebisho, na wewe unaona nyuso zimegeuka. Ratiba ikibana zaidi, kituo hurusha sehemu ya muhtasari iliyounganishwa kwa picha za zamani. Wonder Egg Priority, iliyoanza Januari 2021 na kuwashangaza watu kwa uzuri wake, ililazimika kuweka muhtasari mahali pa sehemu ya nane, na hitimisho lake likasogezwa mpaka Juni. Nilipoitazama sikuweza kufurahia picha zake nzuri za mwanzo kama zamani, kwa kuwa nilijua gharama yake iliwaangukia watu.

Kwa hiyo sikuwalinda waliopanga ratiba. Nilikataa kumlaumu mchoraji aliyepewa siku chache, na nitaendelea kukataa. Ila nakubaliana nawe kwamba nilipaswa kuandika wazi kwamba sehemu ya saba ilikuwa dhaifu na ni wapi udhaifu huo ulipoonekana. Hilo msomaji analidai kwa haki, nami nalirekebisha hapa.

Nina ombi pia. Tusichanganye picha iliyotulia kwa uchovu na picha iliyotulia kwa makusudi. Katika sehemu ya 22 ya Neon Genesis Evangelion, iliyorushwa mwaka 1996, wasichana wawili wasiopatana wamesimama ndani ya lifti kwa karibu dakika nzima; hakuna anayesema, hakuna anayesogea isipokuwa kope, na kinachosikika ni mashine tu. Huenda picha hiyo iliokoa fedha. Hata hivyo, kila sekunde inayoongezeka inamkaza mtazamaji, na mwendo wowote ungeiharibu. Kipimo changu ni hiki: utulivu ukinifanya nimtazame mhusika, umefanya kazi, ukinifanya nitazame saa, umeshindwa. Na ukitaka kujua ni nani wa kushukuru, usiukatize wimbo wa mwisho. Majina ya mwongozaji na wachoraji wa sehemu hiyo hupita hapo, na baada ya misimu michache utaanza kuwatambua kwa mkono wao, kama mtu anavyomtambua fundi kwa mshono.

Nimekua na One Piece. Kwa nini mwanzoni mwa 2026 imesimamishwa? Inaelekea ukingoni? – Msomaji, Unguja

Haijafika ukingoni. Imekuwa ikirushwa tangu Oktoba 20, 1999, karibu bila kukoma, na mwezi Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba ingepumzika Januari hadi Machi 2026, kisha irudi Aprili kwa sehemu zisizozidi 26 kwa mwaka. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Anime ya kila wiki isiyo na mapumziko huikaribia mno manga yake, yaani kitabu cha katuni inakotoka hadithi, ikalazimika kuinyoosha sura moja fupi ijaze sehemu nzima, na ndiyo maana umezoea kuona wahusika wakitazamana kwa mshangao muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Nimeanza kuwaandikia wenzangu maoni ya kila wiki juu ya anime tunayoifuatilia. Tatizo ni kwamba nimeshasoma manga yake, na kila nikiandika naogopa kutoboa siri. Tena kuna wiki ambazo sehemu hainigusi kabisa. Niandike nini? – Msomaji, Tanga

Marahaba, na hongera kwa kazi uliyoianza.

Kuhusu manga: ulichokisoma kinaweza kukusaidia mradi utazame nyuma tu. Unaweza kueleza kwamba tukio la sehemu hii lilichukua kurasa mbili kitabuni na hapa limepewa dakika tano, na kwamba muziki umeongeza huzuni ambayo karatasi haikuwa nayo; hayo ni maarifa ambayo wenzako hawana, na hayawaibii kitu. Usichoruhusiwa ni kutazama mbele, hata kwa kidokezo. "Subirini sehemu ya nane muone" ni kutoboa siri, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna atakayeitazama ya sita kwa moyo mtulivu. Hata kumwita mhusika "maskini" kabla hajapatwa na baya ni kutoboa.

Andika usiku uleule ulioitazama, kabla hujasoma maoni ya mtu mwingine yeyote, maana ukishayasoma hutajua tena lipi lilikuwa lako. Usisimulie upya yaliyotokea, kwani wenzako wameyaona. Chagua picha moja au sentensi moja iliyokubakia akilini uliposimama, na ujiulize kwa nini imebaki hiyo. Mambo mengine yatafuata nyuma yake. Na ukigundua baada ya wiki mbili kwamba ulimwelewa mhusika vibaya, usirudi kufuta ulichoandika. Kiache na tarehe yake, kisha uandike kipya kinachosema ni nini kimekubadilisha.

Zile wiki ambazo sehemu haikukugusa, sema hivyo. Usiitafutie hasira wala sifa ili ujaze ukurasa. Andika sentensi mbili zinazoeleza ni dakika ipi mawazo yako yalipoanza kutangatanga na ni nini kilichokuwa kikiendelea kwenye skrini wakati huo, kisha ukalale. Ukishakusanya wiki nne za namna hiyo, zile nzuri na zile kavu pamoja, nitumie nizisome.